Seneta Aliomba Taarifa

Velma alifanya kazi za nyumbani kwa Madam Hala, mtaa wa Al-Naseem, mjini Riyadh. Nyumba ilikuwa kubwa na ngazi zake zilikuwa nyingi, na kila ngazi ilitaka kupanguswa kwa kitambaa. Asubuhi alifagia ua, akaosha vikombe vya kahawa, akawaamsha watoto waende shule. Mchana alipika wali, na jioni akapiga pasi. Hakulalamika sana, maana aliwajua wenzake waliokuwa na mambo mazito zaidi.

Mmoja wao alikuwa Fridah, mdogo wake wa tumbo moja. Fridah alifanya kazi Jeddah. Mwajiri wake, yaani kafili wake, alimzungusha nyumba kadhaa: leo huku, kesho kwa mama yake, keshokutwa kwa dada yake. Ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imeisha muda na kafili hakuifanya upya. Fridah alikuwa akituma sauti kwa simu, na sauti yake ilikuwa inazidi kupungua nguvu.

"Dada, naumwa ubavu," alisema. "Nikimwambia madam, ananijibu mafi, hakuna ugonjwa, fanya kazi. Aki nimechoka."

Velma alimjibu kila mara, "Vumilia kidogo."

Siku moja Velma alikuwa akisugua jikoni, simu ikalia. Mtu alikuwa ametuma video kwenye kundi la Wakenya. Ilimwonyesha Seneta Elkanah, seneta wa kaunti ya kwao, amesimama katika Seneti kule Nairobi. Seneta huyo alikuwa na sauti ya mhubiri.

"Bwana Spika," alisema, "nasimama kuomba taarifa kutoka kwa Kamati ya Leba kuhusu dada zetu walio Saudia bila ikama. Watu wetu warudishwe nyumbani! Wakati ni sasa!"

Maseneta wengine waligonga meza. Juu ya video, mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SENETI IMETOA TAARIFA. WASIO NA IKAMA WATACHUKULIWA NA NDEGE JEDDAH.

Velma alilia kwa furaha hapo hapo kwenye povu la sabuni. Hakuitazama video mara ya pili. Aliituma kwa Fridah, akaongeza sauti yake mwenyewe: "Fridah, wamepitisha! Serikali imetoa taarifa. Toka hapo! Nenda Karantina, usubiri na wenzako. Ndege inakuja."

Katika ujumbe huo mzima, kitu pekee kilichokuwa sahihi ni jina la Fridah.

Fridah alitumwa kutupa taka, akaenda na hakurudi. Alifika Karantina, mtaa wa kusini mwa Jeddah wanakojificha wengi wasio na ikama, akapokewa katika chumba cha wanawake waliokuwa wameiona video ile ile. Wote walikuwa wamefunga mabegi. Walisubiri, wiki zikapita, na hakuna ndege iliyokuja. Kafili alikwenda kuripoti kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Sasa Fridah hakuwa na ikama, hakuwa na kazi, na aliogopa hata kutoka kununua mkate. Ubavu ulizidi kuuma. Hospitali aliiogopa kuliko maumivu.

Shule zilipofungwa, jamaa ya Madam Hala walisafiri kwenda Jeddah kumwona bibi ya watoto, wakamchukua Velma. Walipofika, Velma alijikaza akasema.

"Madam, mdogo wangu yuko hapa Jeddah. Ni mgonjwa sana."

"Wallahi? Na umenyamaza muda wote huu?" Madam Hala aliweka kikombe chini. "Yalla, nenda. Urudi kabla ya magharibi."

Velma alimkuta Fridah amelala kwenye godoro jembamba, uso umevimba, mwili una joto la kuchoma. Kando yake alikaa mwanamke mmoja akimnywesha uji. Jina lake Selipher. Alikaa mtaa wa jirani, Al-Mahjar, akipikia wafanyakazi chapati. Zamani, huko Kenya, alikuwa karani katika bunge la kaunti.

Fridah alifungua macho. "Dada," aliuliza, "ndege imefika?"

Velma aliinamisha uso kwa aibu.

"Mambo ya ndege tutaongea baadaye," Selipher alisema. "Kwanza hospitali."

"Hana ikama," Velma alisema. "Si watamshika?"

"Mgonjwa wa dharura hupokelewa. Karatasi zitaulizwa baadaye. Ni afadhali aulizwe akiwa hai. Mimi nimefika leo, ningelijua jana angekuwa ameshapelekwa."

Walimpeleka, na kweli alipokelewa. Daktari alisema maambukizi yalianzia kwenye figo na sasa yameingia kwenye damu. Alisema pia kwamba wamechelewa.

Velma na Selipher walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Velma alitoa simu, akamwonyesha video.

"Lakini si walitoa taarifa?" aliuliza. "Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Nikamwambia atoke."

Selipher aliitazama yote, kisha akairudisha mwanzo. "Sikiliza tena. Anasema nini hapa?"

"Nasimama kuomba taarifa."

"Kuomba. Hajatoa, ameomba. Sisi huku nje, taarifa ni habari. Ukisikia serikali imetoa taarifa, ujue kuna tangazo. Lakini ndani ya Seneti, seneta akiomba taarifa, anauliza swali. Kamati ndiyo inatakiwa ikatafute jibu."

"Na wale waliogonga meza?"

"Wamependa swali lake, basi. Kugonga meza si kupitisha sheria. Sheria huanza kama mswada. Mswada unasomwa, unajadiliwa, unapigiwa kura, mpaka Rais atie sahihi. Na hata ukipita, ni sheria ya Kenya. Kafili wa Jeddah hafungwi nayo. Serikali yetu inabidi izungumze na serikali ya hapa."

"Kwa hiyo yale maneno yake ni bure?"

"Hapana, si bure. Yanaandikwa yote, neno kwa neno, katika kumbukumbu za Bunge. Nilizisoma mtandaoni. Kamati ilimuuliza: hao dada ni akina nani? Wako wapi? Hakuwa na jina hata moja. Swali likakwama hapo."

Velma aliwafikiria wanawake wa kile chumba na mabegi yao yaliyofungwa.

"Sasa tufanye nini?"

"Mkenya yeyote ana haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata akiwa ng'ambo. Tutaandika majina kamili na nambari za kitambulisho. Tutaeleza shida yenyewe, tumeshaiomba ofisi gani msaada, na kwamba haiko mahakamani. Mwisho tunasema waziwazi tunataka Seneti ifanye nini. Kila mtu atie sahihi au dole gumba. Tutampelekea Karani wa Seneti, na nakala kwa seneta. Na wale ambao bado wako kwa makafili wao, wasitoroke kimya kimya. Wapigie ubalozi au ofisi ya leba ya hapa kwanza, malalamiko yao yaandikwe. La sivyo wataitwa watoro tu."

Walipoingia wodini, Fridah alikuwa macho. Velma alimweleza yote, akamwambia pia kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Niandikeni mimi kwanza," Fridah alisema. Selipher alimpaka wino, akamwekea kidole kwenye karatasi. Alama ilitoka imepinda.

Velma alirudi Riyadh na waajiri wake. Siku chache baadaye Selipher alipiga simu. Fridah alikuwa amekufa. Velma alikaa chini kwenye ngazi, akalia kwa sauti, na Madam Hala akaja akakaa naye.

"Nililoliogopa ni hili," Selipher alisema kwenye simu. "Ombi bado sijalituma. Jina lake nilitoe?"

"Liache," Velma alisema. "Lakini andika kwamba amekufa akisubiri."

Ombi lilifika Seneti, na video mpya ikaja kwenye kundi. Safari hii Seneta Elkanah hakuhubiri. Velma aliitazama video mara mbili, kisha mara ya tatu. Seneta alishika karatasi, akasoma majina polepole, moja baada ya jingine. La Fridah lilikuwa la kwanza.

"Bwana Spika, huyu amefariki. Niliposimama hapa mwanzo, sikuwa na jina lake. Wengine bado wako hai, na tunajua chumba walichomo."

Hakuna aliyegonga meza. Lakini sasa kamati ilikuwa na watu wa kuwatafuta. Barua ziliandikwa, maofisa wakafika Karantina, hati za safari na vibali vya kutoka vikapatikana kwa taabu. Ndege waliyopanda wale wanawake ilikuwa ya abiria, ya kila siku. Walikaa juu na mabegi yao. Fridah naye alikuwemo, chini, kwenye sehemu ya mizigo.

Miezi ikapita. Velma alikuwa akipiga pasi, simu ikalia. Ni Miriam, msichana mgeni aliyekuwa akifanya kazi mtaa huo huo wa Al-Naseem, naye ikama yake ilikuwa imeisha. Alikuwa ametuma video nyingine, ya seneta mwingine, na herufi kubwa juu yake.

"Dada Velma, umeona? Ati wamepitisha! Nitoke?"

Velma alizima pasi. Aliisikiliza video mpaka mwisho, neno kwa neno. Kisha akashika simu, akamjibu kwa sauti yake mwenyewe.

"Usitoke, mdogo wangu. Huyo ameuliza tu. Nitumie jina lako kamili."