Bodi Isiyolazwa Njaa

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa Bwana Nyaya, muuza vyuma chakavu wa mtaa wa nyuma. Alikuwa anafunga duka. Nilimshika mkono wa shati kama mtoto anayedai pipi.

"Bwana Nyaya, usifunge. Nina shida."

"Wewe kila siku una shida, fundi. Ya leo ina miguu mingapi?"

Sikucheka. Nilimtolea kwenye mfuko wa plastiki mazabodi ya kompyuta, ile bodi kubwa ambayo vifaa vyote vya ndani hujishikiza kwake. Ilikuwa nyeusi upande mmoja. Mchana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, bodi ikaungua ikanuka nyumba nzima.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya dada yangu, na dada hakuwa nayo kwa ajili ya kuangalia picha za harusi za watu. Mwaka juzi kiharusi kilimlaza kitandani, kikamwachia macho na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Herufi hupita kwenye kioo moja moja, yeye hubonyeza kitufe kidogo ikifika anayoitaka, na neno likikamilika kompyuta hulisoma kwa sauti. Taratibu mno. Salamu peke yake inaweza kumaliza kikombe cha chai. Lakini maneno ni yake.

Na kesho yake, saa tatu asubuhi, alitakiwa aseme.

Afisa wa ustawi alikuwa anakuja kumsikiliza. Shemeji yangu alishafariki, na dada yake huyo shemeji alitaka kumchukua mtoto wao wa pekee, binti wa miaka saba ambaye sote tunamwita Kibibi kwa sababu anaongea kama mtu mzima aliyekosa usingizi. Afisa alipokuja mara ya kwanza, umeme haukuwepo, dada akajibu kwa kope. Kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Afisa alitikisa kichwa. "Kope zinatafsiriwa na mdogo wake," alisema. "Mimi nataka kauli yake mwenyewe. Nikiikosa na safari ijayo, mtoto ataenda kwa shangazi yake."

Safari ijayo ndiyo hiyo kesho.

Bwana Nyaya alichakura kwenye rundo lake, akaibuka na bodi moja safi ajabu, kana kwamba kuna mtu alikuwa akiifuta vumbi kila siku. Niliipokea kwa mikono miwili. Sikuuliza imetoka wapi. Kuuliza si ujinga, najua, lakini siku ile hata kuuliza kulikuwa kunanichelewesha.

"Uilaze njaa lakini," alinikumbusha.

Sisi mafundi tuna desturi hiyo. Bodi ya mtumba huiingizi kazini siku hiyo hiyo. Unaitoa betri yake ndogo, ile ya duara kama kifungo cha koti, unaiacha usiku kucha bila chembe ya umeme ili isahau mashine ilikotoka. Wapo wanaosema dakika tano zinatosha. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa hataki kabisa kusikia habari ya dakika tano, na hakuwahi kusema kwa nini.

"Nitailaza," nikamjibu Bwana Nyaya.

Nilimdanganya. Ningeilaza saa ngapi?

Nilifungia bodi ile chumbani kwa dada, kwenye meza iliyo miguuni pa kitanda chake, yeye akinitazama. Skrubu ya mwisho iliingia saa moja na robo. Niliwasha. Feni ikazunguka, kioo kikapata mwanga, nikamgeukia dada nikampigia saluti. Alipepesa mara moja. Nilijiona bingwa.

Ubingwa wenyewe haukumaliza dakika kumi.

Ukibadilisha mazabodi, kompyuta huamka kama mtu aliyezimia: mwili ni wake, lakini hakumbuki mkono uko wapi. Kila kifaa kinataka draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha mashine kuelewana nacho. Spika hazikutambulika. Flashi haikutambulika. Intaneti haikuwepo, na draiva ya intaneti iko huko huko kwenye intaneti, kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Na kitufe cha dada… kitufe kilikuwa kimekufa.

Nilifukua sidii zangu za zamani nikazijaribu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikagoma. Ya tatu ikaleta draiva ya kioo. Ya tano ikaleta sauti. Kibibi alikuja kusimama mlangoni, kanga ya mama yake begani.

"Mama mdogo, kwani hiyo kompyuta inakushinda?"

"Nenda kale, bibi yangu."

"Nimeshakula. Ikikushinda, mimi naondoka kesho?"

Nilimwambia akanichemshie maji ya chai, hali nikijua kabisa haruhusiwi kushika jiko. Alinitazama kwa huruma akaenda kukaa jikoni.

Saa mbili kasoro, orodha ya vifaa ilibakiwa na alama mbili za njano. Mistari miwili inayofanana.

Kifaa kisichojulikana.

Kifaa kisichojulikana.

Mmoja niliuelewa: kitufe cha dada. Wa pili ulikuwa wa nini? Nilihesabu nyaya kwa kidole. Kibodi, kipanya, spika, kitufe. Nilirudia kuhesabu. Nikachomoa kitufe nikakishika mkononi. Mstari mmoja ulitoweka, ule mwingine ukabaki pale pale.

Hapakuwa na kitu kingine kilichochomekwa.

Kisha kisanduku kikajitokeza katikati ya kioo. Kilisema kifaa hiki kimekuja na draiva yake chenyewe. Kiruhusiwe?

Nawaambia wateja wangu kila siku: usibonyeze ndiyo kwa kitu usichokijua. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilimwangalia dada, nikaangalia saa ya ukutani, nikabonyeza.

Feni ikapunguza kasi.

Nikasikia harufu. Si ya waya kuungua, hiyo naijua hata usingizini. Ilikuwa harufu ya poda ya mtoto mchanga, nzito, ya moto, ikitoka kwenye matundu ya kompyuta.

Halafu spika zikavuta pumzi.

Haaa…

"Asante," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ile ile ya mwanamke ambayo dada huitumia, ya programu ile ile. Lakini programu haipumui. Nilitazama mkono wa dada. Kidole kilikuwa kimetulia juu ya shuka. Kitufe chenyewe nilikuwa nimekifumbata mimi, kimelowa jasho.

"Mtoto yuko wapi?" sauti ikauliza.

Dada alikuwa amekodoa macho. Akapepesa mara mbili. Tena mara mbili. Tena.

Hapana. Hapana. Hapana.

"Ni maneno yako ya zamani, dada," nilimnong'oneza. "Yalibaki kwenye kumbukumbu." Nilisema hivyo nikiwa najua kwamba kumbukumbu yake nilishaifuta mwenyewe mwezi uliopita.

Nikachomeka kitufe, nikakiweka chini ya kidole chake. Herufi zikaanza kupita. Dada akabonyeza. Herufi hazikusimama. Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, nazo zikaendelea kupita kama watu wanaoiona ajali wakaamua haiwahusu.

Nikaiondoa ile draiva. Kimya. Programu nzima ikafa, sauti ikafa, na kitufe bado mfu vile vile. Nikakitafutia kitufe draiva kwenye sidii zote. Hakuna. Nikazima, nikawasha, nikazima. Nikatoa betri, nikahesabu dakika tano, nikairudisha. Mistari miwili ya njano. Kisanduku kile kile. Kiruhusiwe?

Nilikaa sakafuni nikalia. Fundi mzima, mwenye cheti ukutani, nalia na bisibisi mkononi. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi sikuweza kumganga hata dada yangu.

Nikabonyeza ndiyo.

"Asante," ikasema.

Dada akapepesa mara mbili. Nilimfuta machozi kwa kiganja changu. "Ni kesho tu, dada. Ikishasema mbele ya afisa, naitoa naivunja kwa nyundo. Kesho tu." Hakuacha kupepesa. Nikageuka nikawa natazama ukuta, Mungu anisamehe.

Nilikwenda jikoni kupiga chai, Kibibi akanipita kwenda kwa mama yake. Kutoka kule nilisikia Kibibi chumbani akizungumza na mtu, kwa sauti ya chini, akicheka kidogo. Nikafurahi kwamba anaongea na mama yake. Kikombe kikanichoma vidole ndipo nilipotambua ninachokisikia. Nilikimbia. Kibibi alikuwa amekaa mbele ya spika, kidevu juu ya meza.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mama alikuwa ananiuliza nikilala napenda nini."

Nikamtoa kwa mkono, nikalala naye kwangu, mlango nimeufunga.

Saa tatu kamili asubuhi afisa aliketi kando ya kitanda, faili mapajani. Shangazi alisimama dirishani, mkoba kifuani. Si mwanamke mbaya yule. Usiku ule hata mimi nilishawaza kwamba huenda kwake ndiko salama, nikalifukuza wazo lile kama kuku jikoni.

"Nitajuaje kuwa anayesema ni wifi yangu?" shangazi akauliza. "Huyu mdogo wake ni fundi. Anaweza kuipanga."

Afisa alikubali. Alinitaka nisimame mbali, mikono nyuma. Akamwinamia dada. "Mama, niambie jambo la mtoto wako ambalo mama pekee analijua."

Pumzi.

"Akilala anataka ashikwe sikio. La kushoto."

Kibibi akaruka kwa furaha. "Kweli! Mama mdogo hata hajui!"

Sikujua. Shangazi alifunika mdomo kwa mkono. Afisa aliandika, akauliza lile lililomleta. "Unataka mtoto abaki nawe?"

Watu wakiongea na dada huangalia kioo cha kompyuta. Wote huangalia kioo. Mimi peke yangu ndiye niliyemtazama machoni.

Alipepesa mara mbili. Pole pole, kwa nguvu, kope zikitetemeka. Mara mbili, kisha akanitazama, kisha mara mbili tena.

Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha: mwangalieni machoni. Lakini nikisema, Kibibi anabebwa asubuhi ile ile, na dada anabaki bila mtoto. Nilidhani namtetea. Nikaibana mikono yangu nyuma, kama nilivyoagizwa.

"Abaki," sauti ikasema. "Asitoke tena humu ndani."

"Tena?" afisa aliuliza bila kuinua kichwa, akaandika. Shangazi akambusu mtoto kipajini, akatoka akilia.

Mlango ulipofungwa tu nilishika waya wa umeme ukutani. Dada aliutazama mkono wangu. Akapepesa mara moja. Ndiyo. Chomoa. Sijawahi kuona ndiyo iliyo wazi kama ile.

"Gari lao bado liko nje," sauti ikaninong'oneza. "Na watarudi kila mwezi kunisikiliza."

Kunisikiliza.

Nikauachia waya.

Jioni nilimpigia simu Bwana Nyaya. Safari hii niliuliza.

"Ile? Ililetwa na ndugu wawili, mashine nzima, baada ya kumzika mama mmoja aliyekuwa hawezi kusema. Walitaka tu iondoke nyumbani kwao. Nikauliza ina ubaya gani. Mmoja akasema haina ubaya wowote, ila inaulizia sana habari za mtoto."

"Mtoto gani? Alikuwa na mtoto?"

"Hilo hawakutaka kulisema, na mimi sikuwashika shati." Nikamsikia akishusha komeo la duka. "Lakini wewe si uliilaza njaa?"

Nikakata simu.

Sasa ni wiki ya sita. Afisa ameshakuja tena, ameondoka ameridhika. Ameniambia hajawahi kuona mgonjwa anayempenda mwanawe namna hii. Kibibi hachezi tena nje. Akitoka shule anakwenda moja kwa moja kwenye meza ile, anaweka sikio lake la kushoto karibu na spika, nami nikimwita ananijibu niongee taratibu, mama amelala. Kila usiku naapa nitachomoa waya kesho. Kila kesho nahesabu siku zilizobaki afisa arudi.

Dada hanipepesei tena. Nikiingia chumbani anafumba macho, anayafumba kwa nguvu hadi ngozi inakunjamana, na hafumbui mpaka nitoke. Jana nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaushika mkono wake, nikamsihi anijibu kitu kimoja tu, mara moja au mbili, nitaelewa.

"Dada… unaweza kunisamehe?"

Hakufumbua macho.

Nyuma yangu, spika zikavuta pumzi.

"Nimeshakusamehe," ikasema.