Doa la Unyayoni

Watu walimwita Fundi Soli, kwa sababu soli aliyoibandika yeye haikubanduka. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Akifika kazini alivua kandambili, akaikanyaga ngozi kwa unyayo mtupu ili isiteleze, kisha akaikata. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Jioni nyayo zake zilikuwa na rangi za viatu vya mtaa mzima, na mkewe alimpokea mlangoni na beseni la maji na jiwe la kusugulia.

"Sugua, bwana. Shuka zangu si turubai."

Doa moja lilikuwa sugu. Lilikaa karibu na kisigino, jeusi, bapa, halina maumivu. Fundi alilisugua kwa jiwe, akalipaka mafuta ya taa. Likabaki palepale.

"Rangi za siku hizi kali," alisema, akavaa kandambili zake.

Mkewe hakulijali doa hilo. Alikuwa na lake la kumhangaisha. Shavuni palimwota kinundu cheusi, kinene, kama tone la nta lililoganda. Kila mwaka kilinenepa. Akijitazama kwenye kioo, alikiona kabla ya kuyaona macho yake mwenyewe. Jirani wa mbele, bingwa wa mambo ya wenzake, alimshauri akifunge uzi kikatike. Mwingine akasema apake majivu. Mke wa Fundi aliitikia tu, lakini moyoni alisema, hii ndiyo saratani, imenijia usoni.

Akampigia simu kitindamimba wake, binti aliyekuwa daktari katika kliniki ya ngozi.

"Usifunge uzi, mama. Usipake kitu. Njoo kesho."

Fundi Soli akafunga kibanda amsindikize. "Twende tukaone kama huyu mtoto anafanya kazi au anavaa koti tu."

Chumba cha binti kilikuwa kidogo, kina kitanda chembamba, kiti na sinki. Aliwaamkia wazazi wake, akanawa mikono, akatoa kifaa kidogo kuliko kopo la dawa ya viatu. Kilikuwa na kioo na taa.

"Hii ni darubini ya ngozi," alisema. "Jicho tupu linaona juu juu. Hii inamulika na kukuza, nikaona rangi ilivyojipanga ndani ya ngozi. Haichomi wala haiumi."

Akapaka jeli shavuni, akaegemeza kifaa. Mama alifumba macho.

"Sema tu, mwanangu. Nimeshajiandaa."

"Umejiandaa bure, mama. Tazama picha yake. Unaona vitone hivi vyeupe kama chembe za chumvi? Na ukingo huu, umekatika wazi kama kitu kilichobandikwa juu? Hiki ni kinundu cha umri. Si saratani. Kikikukera tutakiondoa. Kisipokukera, kiache."

Mama alishusha pumzi, akacheka machozi yakimtoka.

"Kumbe uzee tu," alisema Fundi Soli. "Hata mimi ningekwambia."

Akapandisha mguu juu ya goti, raha mustarehe. Kandambili ikaanguka. Binti akautazama unyayo.

"Baba, hilo doa ni la nini?"

"Rangi ya kazi hiyo."

"Ya lini?"

Mama akajibu kwa niaba yake. "Tangu mvua za mwaka jana. Haitoki hata kwa mafuta ya taa."

Binti akainama karibu. "Rangi ya kiatu hukaa juu ya ngozi. Ngozi ya juu ikibambuka, nayo huondoka. Hiyo mbona haijaondoka? Panda kitandani, baba."

"Nimpe mwanangu unyayo? Huyu mimi ndiye niliyekuwa namwogesha."

"Basi sasa zamu yake," alisema mama. "Panda, mzee, usitutie aibu."

Binti alisugua unyayo kwa spiriti. Rangi za kazi zikatoka. Doa likabaki. Akaweka darubini, akatazama muda mrefu. Mama aliiangalia mikono ile, ilivyotulia.

"Baba, unyayo una mistari kama shamba lililolimwa, matuta na mifereji. Doa lisilo na shida, mara nyingi rangi yake hulala kwenye mifereji. Lako limepanda juu ya matuta. Si dalili nzuri."

"Sema wazi."

"Inaweza kuwa saratani ya ngozi. Darubini inanionya tu. Atakayethibitisha ni maabara. Leo tutakupiga ganzi, tukate kipande kidogo tukapime."

"Lakini haliumi. Tena si ugonjwa wa watu weupe huo?"

"Mwanzoni haliumi, ndiyo maana linatuponyoka. Na weusi pia tunaupata, baba. Kwetu hupenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha."

Fundi Soli alimtazama mkewe. Mkewe akamshika mkono. "Kata," Fundi akasema.

Majibu yalikuja. Ilikuwa saratani, lakini changa, haijazama. Daktari wa upasuaji aliliondoa doa lote pamoja na ngozi kidogo yenye afya pembeni yake. Fundi alitembelea mkongojo, akaulaumu kwa kila kitu, hata mchuzi ulipozidi chumvi. Kidonda kikapona. Bado anakwenda kuangaliwa. Binti alimweleza kwamba rangi ya viatu haikuleta saratani. Iliificha tu.

Siku hizi mteja akija kupimwa mguu, Fundi Soli humwambia, "Geuza unyayo."

Juzi mmoja akamtania. "Fundi, nimekuja kwa kiatu au kwa uchunguzi?"

"Vyote. Ukiona doa jipya, au linalokua, linalobadilika rangi, linalotoka damu, usilisugue. Nenda kliniki ya ngozi walimulike."

"Nani kakufundisha yote hayo?"

Mama alikuwa nje ya kibanda anaanua nguo. Akasimama asikilize.

"Daktari wangu," alisema Fundi Soli. Akaweka sindano chini, maana lililobaki alitaka kulisema vizuri. "Nimemzaa mwenyewe."