Neno Aliloambiwa Elda

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo Clotilda alipojitwisha bidoni ya mafuta ya mawese na kuanza safari ya kurudi kutoka kinuni, kule Kigwena. Alikuwa na haraka. Nyumbani alimwacha wifi yake Elda, mke wa kaka yake, amelala ameelekea ukutani, mimba kubwa tumboni, hataki chakula.

Elda hakuwa na ugonjwa. Muuguzi alimpima, akasema mama mzima, mtoto mzima. Lakini siku moja akifua nguo ziwani, mama mmoja asiyemjua alimwinamia sikioni: "Mvua za kwanza hazitakukuta." Tangu hapo Elda alikuwa anakufa. Kidogo kidogo, kama mtu anayetii.

Clotilda alikata njia kando ya msitu. Nyani waliokuwa wakigombana mitini wakanyamaza ghafla, wote pamoja. Ikaja harufu... ya matope, ya samaki aliyeoza. Na upepo ulikuwa unatoka mlimani, si ziwani.

Chap... chap... chap...

Nyayo zilizolowa, nyuma yake. Akisimama, nazo zinasimama.

"Unakimbilia wapi, wifi yake Elda?"

Sauti ilitoka mbele. Mama mrefu alisimama njiani, kitenge kinachuruzika maji. Vumbi chini ya miguu yake lilikuwa kavu.

Clotilda alijikaza. "Amahoro, amani kwako, mama. Lile neno ulilompa Elda... liondoe. Nakuomba."

"Njia ziko nyingi," yule mama akanong'ona. "Mimi nilimwonyesha moja tu. Kuingia, ameingia mwenyewe." Akasogea. "Na wewe, nikuonyeshe yako?"

Ajabu ni kwamba Clotilda alitamani kusema ndiyo. Neno lilimfika ulimini. Nani hataki kujua? Bidoni ikamponyoka, mafuta mekundu yakasambaa njiani. Akaziba masikio kwa viganja, akapiga kelele ili asisikie chochote ila sauti yake. Midomo ya yule mama ilikuwa inacheza. Polepole. Ikasema jambo lake mpaka mwisho.

Kisha ikatabasamu.

Clotilda alikimbia.

Nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda, anahema. Uongo ulimtoka bila kuupanga. "Wifi, nimekutana naye. Anasema alikosea mtu. Si wewe aliyekuwa anamtafuta."

Elda akageuka. "Alikuwa anatafuta nani?"

"Hakusema."

"Unanidanganya, wifi." Macho yakaanza kurudi ukutani. "Neno kama ile iko na mwenyewe. Kama si mimi, ni nani?"

Clotilda aliona anampoteza, yeye na mtoto pamoja.

"Ni mimi," akasema.

Elda alimtazama. Halafu akajiinua, akaketi, akaomba ugali.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kali. Mvua za kwanza zilipopiga, Elda alikuwa uani akikusanya nguo za mtoto, anacheka.

Lakini Elda alikuwa ameamini yote, si nusu. Mvua zilimkuta Clotilda naye mzima; Elda akajiambia basi ni za mwakani. Alianza kumwekea Clotilda kipande kikubwa cha samaki, kisha anajificha jikoni kulia. Akamwambia jirani yao, Agata. Punde wanawake wa kinuni wakawa wanamsalimia Clotilda kwa sauti ya chini, kama wanavyosalimiwa wagonjwa. Naye, aliyelitunga neno lile kwa kinywa chake, akaanza kuamka amechoka. Chakula kikakosa ladha. Asubuhi moja jua lilimkuta ameelekea ukutani, na hakukumbuka alijigeuza lini.

Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Akaruka kitandani, akabeba jembe na vijiti vya muhogo, akaenda shambani. Agata akasimama mpakani, mkono shavuni.

"Clotilda, muhogo? Ile inakaa mwaka muzima. Nani atavuna?"

"Mimi."

Agata akatikisa kichwa, akaondoka. Clotilda aliendelea kupanda, na kila kijiti alikiambia kwa sauti: "Nitakuvuna." Hakujua anapigana na uongo wake mwenyewe, au na jambo lile alilokataa kulisikia.

Muhogo umechipua. Kila jioni anakwenda kuupalilia, hata pasipo na majani. Na akiitwa kwa jina lake kutoka nyuma, haitiki mpaka amwone anayemwita.