Neno Alilompa Doucette

Karne ya ishirini ilikuwa bado changa, na Kanada ikitawaliwa na wanaume wa ndevu nene na kofia ndefu, wakati Murdo Gilchrist, mhafidhina wa jimbo la Mto Kestrel, alipoingia Bungeni kwa ahadi moja tu: daraja. Watu wake walivuka mto juu ya barafu, na kila mwaka barafu ilipolainika ilimeza mtu. Mwaka aliochaguliwa ilikuwa imemmeza ndugu yake, pamoja na farasi na shehena ya unga.

Miaka tisa aliliomba daraja lile. Wenzake walimcheka, wakamwita Bwana Daraja. Hatimaye hoja yake ikapangiwa siku.

Juma moja kabla ya siku hiyo, mpinzani wake mkuu, mzee Anselme Doucette, alishikwa na homa ya mapafu. Bungeni mle palikuwa na desturi ya kale: mgonjwa alipatana na mtu wa upande wa pili, wote wawili wasipige kura, ili maradhi ya mmoja yasiwe ushindi wa mwingine. Haikuandikwa popote. Ililindwa na uungwana tu.

"Usipige kura mpaka nirudi," Doucette alimwambia kitandani, akikohoa.

"Mpaka urudi, mzee wangu," Gilchrist alijibu, akampa mkono. Daktari alikuwa amesema mzee atapona kwa siku tatu, naye Gilchrist, maskini, alimwamini daktari.

Siku ya hoja ilifika telegramu: Doucette amefariki alfajiri. Pringle, mnadhimu wa chama chake, msimamizi wa kura zao, alimjia mbio na karatasi mkononi.

"Umefunguliwa, ndugu yangu. Kura yako italeta sare, na Spika, mwamuzi wa sare, analitaka daraja. Simama."

Gilchrist aliisoma karatasi mara mbili. "Nilimwambia mpaka arudi. Hajarudi."

"Maiti hawezi kukulaumu."

"Ndiyo maana siwezi kumdhulumu."

Hoja ikaanguka kwa kura moja. Gilchrist alilia palepale kitini, mbele ya watu, na wenzake wakatazama pembeni. Nimeifikiria siku ile mara nyingi, na hadi leo sijui nimsifu au nimgombeze.

Uchaguzi uliofuata, Mto Kestrel ulimwangusha. Effie, mjane wa ndugu yake, alimpokea mlangoni.

"Shemeji, wasema muungwana ni kitendo. Haya, umemtendea marehemu. Sisi tulio hai tutavukia wapi?"



Kumbukumbu za Bunge zimehifadhi majina ya waliosema ndiyo na waliosema la. La Gilchrist halimo. Lakini kwenye ukuta wa kanisa la Mto Kestrel kuna orodha ya waliozama, na jina la Machi iliyofuata uchaguzi huo lasomeka mpaka leo: Effie Gilchrist, mjane, miaka thelathini na minne.