Moyo Uliosafishwa

Moyo ulianza kudunda kabla mhandisi hajaugusa.

Ulikuwa moyo wa kompyuta, uliojengwa kwa picha na vipimo vya mgonjwa ili daktari ajue mapigo yanaweza kuvurugika wapi kabla hajamgusa mwenyewe. Kila asubuhi mhandisi alifungua faili, akabonyeza, moyo ukadunda kwenye kioo. Asubuhi hii hakuwa amebonyeza kitu.

“Uliuacha ukidunda jana,” daktari alisema bila kuinua macho. “Wewe si ndiye uliyeondoka na funguo zangu juzi, ukaniachia zako?”

“Dada, tazama faili ni ya nani.”

Daktari akasogea. Ilikuwa ya mwalimu wa chekechea aliyezikwa wiki tatu nyuma.

Kuna jambo ambalo mhandisi alilijua peke yake. Kabla ya kujenga moyo, yeye huisafisha rekodi ya mapigo: mgonjwa akikohoa au waya ukilegea, mchoro huchafuka, naye hukikata kipande hicho. Kwa mwalimu alikata sekunde arobaini. Alidhani ni waya. Moyo wa kompyuta ukadunda vizuri mara elfu. Daktari akaandika kwamba mwalimu hahitaji kifaa cha kushtua moyo, akatia saini. Siku ya tisa mwalimu alianguka mbele ya watoto. Jioni hiyo mhandisi aliirudia rekodi ya mwanzo, akaona kile kipande hakikuwa kosa la waya bali moyo wenyewe ukivurugika, akaifuta. Kesho daktari angesimama mbele ya kamati ya nidhamu kuijibia saini yake.

Mhandisi akachomoa umeme. Kioo kikazima. Mdundo haukuzima, ulitoka kwenye spika, ukahamia ukutani, ukashuka chini ya meza, na chumba kikajaa harufu ya ile jeli baridi wanayopakwa wagonjwa kifuani, ikazidi kuwa nzito mpaka wakaionja kwenye ndimi, huku mdundo ukiyumba, ukikimbia, ukisita kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu, kisha ukirudi karibu zaidi kuliko ulipokuwa.

“Nampigia mjomba wangu,” daktari alinong’ona. “Yeye hutoa majini. Ukinicheka tutakosana.”

“Nani wa kucheka hapa?”

Mjomba alifika saa sita mchana, kofia mkononi. Alinyunyiza maji pembe zote nne, akaweka sikio ukutani, akakaa hivyo kitambo.

“Huyu kaja na haki yake,” alisema. “Maji hayamtoi. Anasema kuna aliyemkatia kitu. Aliyekata akikiri, ataondoka kwa amani.”

Daktari akageuka. “Kaka, kuna kitu ulikata?”

“Mimi? Ningekata nini?”

Mdundo ukanyamaza pale pale. Mjomba alimtazama mhandisi, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

“Unaona? Limeondoka,” mhandisi alisema, akacheka kidogo. Kicheko kikakwama. Alishika kifua, akateleza kutoka kitini mpaka sakafuni, akafumbua kinywa kuomba msaada.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyezoea kueleza jambo mara mbili kwa wasioelewa. Ilimweleza daktari yote: faili, zile sekunde arobaini, mkono uliozikata, saa rekodi ilipofutwa. Midomo ya mhandisi ilikuwa inageuka rangi.

Mashine ya kushtua moyo ilikuwa ukutani, hatua mbili tu. Daktari aliitazama. Kisha akavuta kiti, akakaa, akachukua kalamu.

“Samahani, mwalimu,” alisema. “Umesema ilifutwa saa ngapi?”