Pua ya Chumba cha Mayai

Pua ile ilitoka imelowa. Fundi, mwanamke ambaye kila mtu kazini alimwita Bisibisi, aliishika kwa ncha za vidole viwili akakunja uso. Mafundi huita pua kile kipande kidogo cha kunusia hewa kinachokaa kwenye kisanduku ukutani, ili msimamizi wa chumba cha kutotoleshea vifaranga ajue hewa ikichafuka. Pua huziba kwa vumbi, huchakaa, hubadilishwa. Lakini pua kuota ute mzito unaovutika kama makamasi ya mgonjwa, hilo Bisibisi hakuwahi kuliona.

"Chumba nimekipiga deki mara mbili leo," msimamizi alinong'ona mlangoni, shati limemziba mdomo. "Hakuna yai bovu humu, nakuapia."

"Basi kuna kilichooza ambacho si yai," Bisibisi alitania, akafunga pua mpya.

Halafu akafanya kile wanachofanya mafundi wote wavivu wa kubeba mtungi wa gesi ya kupimia pua. Alisogeza mdomo akaipulizia pumzi ndefu. Namba za kisanduku zikapanda, zikashuka. Safi kabisa. Zikapanda tena, naye hajapuliza, zikashuka, zikapanda, taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na kabla hajaondoa uso, kisanduku kikampumulia, pumzi vuguvugu yenye uvundo wa meno mabovu na manyoya mabichi, ikamjaa kinywani, ikateremka kooni, akaimeza.

Tangu jioni ile mwanawe alimkataa. Mtoto wa miezi saba, mnyonyaji hodari, akipelekwa kifuani anapiga ukelele, anajipinda, anatapika. Bisibisi alisugua meno mpaka ufizi ukatoka damu. Alisukutua kwa chumvi, akasukutua kwa ndimu, na kila alipotema, ute uleule ulining'inia mdomoni. Alijichukia. Maziwa yalilowesha blauzi bure huku mbavu za mtoto zikianza kuonekana.

"Mwanangu, usinielewe vibaya," mama mkwe alimwambia kwa sauti ya chini, "lakini hicho kinachotoka kinywani mwako si chako."

Akamleta mtabibu anayetoa majini. Mtabibu naye, pamoja na uzoefu wake wote, alikaa mbali, leso puani.

"Ulimpa jini pumzi yako, naye akakupa yake," alisema. "Mrudishiane. La sivyo mtoto atakufa njaa na maziwa yako yapo."

Kesho yake mchana walikwenda pamoja kwenye chumba cha mayai. Bisibisi alifungua skrubu, akaitoa pua, nayo ilikuwa imevimba, nyekundu, laini, ina vinyweleo vilivyosimama alipoisogelea, na mtabibu akanong'ona weka mdomo, weka upesi, akauweka, ikamganda ulimini na kuanza kunyonya, kitu kinene chenye mabonge kikapanda kutoka tumboni kikimpapasa koo kama panya anayetafuta tundu, kikatoka chote, kisha pumzi nyepesi ikamrudia, akaanguka sakafuni akitapika maji matupu.

Mtabibu aliitia pua ile motoni. Ililia kama kifaranga, kisha ikanyamaza.

Njia nzima Bisibisi alipumulia kiganja akakinusa. Hakuna kitu. Aliingia nyumbani mbio, vifungo vya blauzi tayari ameshavifungua.

"Njoo kwa mama!"

"Taratibu, kashiba huyo," mama mkwe alicheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. "Sijui hamu kaipata wapi. Ule uji uliompozea kwa kuupuliza asubuhi kabla hujaondoka, kaumaliza wote."

Bisibisi alisimama palepale. Mtoto alimwona, akarusha miguu kwa furaha, akamnyooshea mikono, akapanua kinywa chake kisicho na jino na kumpumulia.

Bisibisi aligeuza uso. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, kiganja kimeziba pua.

"Mpokee basi mwanao," mama mkwe alisema.

"Mshike hukohuko, mama," alinong'ona. "Tafadhali usimlete."