Sakafu ya Tarumbeta

Mimi, Phineas Wepukhulu, mwanafunzi wa shule ya bweni na Mtaalamu Mkuu wa Makazi ya Kware katika Kiplombe nzima, natangaza kwamba naijua sakafu inayomfaa kware. Nilifundishwa na dada yangu Nanzala, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Ndiyo, mdogo wangu. Msicheke.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka wa 1951. Kila asubuhi Nanzala aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akamlisha kware wake, Tarumbeta, aliyekaa ndani ya sanduku la mbao lenye wavu mbele. Ngano ilikuwa imevunwa, na kware wa porini walijaa mashambani. Baba alipanga kulitundika sanduku juu ya mlingoti mrefu alfajiri ili Tarumbeta aite, na wenzake waifuate sauti mpaka kwenye mitego.

Lakini Jumatatu Tarumbeta hakuita. Alikuwa amelala kwa tumbo, mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi. Kila alipojaribu kusimama, aliteleza.

"Kware asiyesimama hawezi kuita wenzake," Baba alisema akijiandaa kwenda kazini kwenye kiwanda cha mbao. "Akiwa hivi mpaka Jumapili, ataingia kwenye sufuria."

Nanzala alilikumbatia sanduku. "Atasimama, Baba."

Jioni hiyo Baba alimletea unga wa mbao wa mtarakwa. Nanzala aliutandaza vizuri sandukuni. Harufu ilikuwa kali, Tarumbeta akapiga chafya, akaanza kuudonoa kama chakula. Nanzala aliutoa wote. Jumatano alimwomba jirani yetu Kimeli mabua ya ngano. Mabua yalikuwa marefu. Kware aliyakanyaga, yakasukumika pembeni, miguu ikatawanyika tena.

Mimi nilisimama karibu, mkono mmoja mfukoni, nikitoa ushauri. "Kitaalamu, huyu ni mgonjwa wa uzee."

"Iliyozeeka ni akili yako, Bwana Bweni. Toa mkono mfukoni unisaidie kukata mabua."

"Nasikia baridi."

"Na jua hili?"

Alhamisi Nanzala alitoa kila kitu sandukuni, akakaa mbele ya sanduku. Kisha akasema, "Nimebadilisha vya juu tu. Cha chini sijakiangalia." Aliweka kiganja juu ya ubao, kikateleza. Akapitisha kitambaa chenye maji. Kitambaa kikatoka chekundu.

"Nani amepaka hapa?" aliuliza.

"Mbao nyingine huwa hivyo," nilijibu.

Aliukwangua ubao kwa kipande cha chupa mpaka vidole vikachubuka. Akausugua kwa sabuni na majivu, akauanika juani. Halafu akaenda mtoni Sosiani, akarudi na ndoo ya mchanga mkavu kichwani. Alichekecha mchanga, akatandaza kiasi cha vidole viwili, na juu yake nyasi kavu alizozikata fupi fupi. Miguu ya Tarumbeta aliifunga kwa uzi laini wa sufu, akiacha nafasi kidogo katikati ili isitawanyike. Kila asubuhi na jioni aliondoa kinyesi na nyasi zilizolowa.

Ijumaa kware alisimama, akaanguka. Jumamosi alisimama, akatembea. Nanzala akafungua uzi.

Jumapili alfajiri Baba alifunga sanduku kwenye mlingoti. "Phineas, shika hapa tuinue. Mikono yote miwili."

Nilishika. Mlingoti ulisimama, Tarumbeta akaita mara tatu, na kutoka shambani kware wa porini akamjibu. Nanzala aliruka kwa furaha. Mimi pia niliruka kidogo, na mkebe ukatoka mfukoni mwangu, ukabingirika mpaka kwenye kiatu cha Baba. Polishi nyekundu ya sakafu.

"Eleza," Baba alisema.

Utaalamu wangu uliishia hapo. "Bwenini tunapiga sakafu polishi kila Jumamosi, Baba. Siku moja monita aliteleza, tukacheka sana. Nilitaka kumwona kware akiteleza pia."

Nanzala alivitazama vidole vyake vilivyochubuka. Hilo liliniuma kuliko kiboko.

"Kupaka polishi ulikuwa utundu," Baba alisema polepole. "Lakini siku nne ulimwona dada yako akihangaika, jibu liko mfukoni mwako, ukanyamaza. Ungesema kweli Jumatatu, asingeumia. Yeye hakukata tamaa, ndiyo maana ndege yuko hai. Wewe kuanzia leo utabeba mchanga na kusafisha sanduku mpaka shule ifunguliwe."

"Ndiyo, Baba. Nanzala, nisamehe."

"Beba ndoo kwanza," Nanzala akajibu.

Niliinama kuichukua ndoo, nikidhani yamekwisha. Baba alikuwa bado anaugeuza mkebe.

"Na huu uliununua wapi?"

Juu ya mlingoti Tarumbeta aliita tena, kana kwamba naye anauliza.

"Sikuununua, Baba," nilisema. "Ni wa bweni. Niliuchukua bila kuomba."